Kipanya na Kibodi Bila Waya: Mwongozo Kamili wa Kununua, Kuunganisha na Kutunza

Vipanya vingi vinavyotupwa Nairobi kwa madai kwamba vimekufa huwa ni vizima. Kilichokufa ni betri, au risiva imechomekwa kwenye tundu baya, au mwenyewe anakitembeza juu ya meza ya kioo. Kibodi nazo zina visa hivyo hivyo. Ndiyo maana tunaanza na jambo ambalo wanunuzi wengi huliuliza mwisho: kifaa kinawasiliana vipi na kompyuta? Umbo na rangi vitafuata baadaye. Taa za mapambo hatutazigusa kabisa, maana kwa kifaa cha betri kazi yake kubwa ni kuimaliza betri.

Risiva au Bluetooth

Vifaa vinavyouzwa mjini ni vya namna mbili. Namna ya kwanza huja na risiva, kijidude cha USB kisichozidi ukucha wa kidole gumba, ambacho hupokea mawimbi ya gigahezi 2.4. Unakichomeka, unasubiri sekunde chache, unaanza kazi. Kinatambuliwa hata kabla Windows haijawaka, na hilo ni muhimu kwa anayehitaji kuingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, inayofunguliwa kabla ya Windows) au kuweka Windows upya.

Namna ya pili hutumia redio ya Bluetooth iliyomo ndani ya laptopu. Haichukui tundu la USB, na kipanya kimoja kinaweza kuhamia kwenye simu au tableti. Ila kompyuta nyingi za mezani za zamani hazina Bluetooth, na kibodi ya namna hii kwa kawaida huwa bubu mpaka mfumo uwe umeshapanda. Ukitaka kubonyeza F2 au F12 kompyuta inapowaka, utaazima kibodi ya waya.

Bluetooth nayo hutumia masafa yale yale ya gigahezi 2.4, lakini huhamahama. Ile ya kawaida hugawa masafa hayo katika chaneli 79 na kubadilisha chaneli mara 1,600 kwa sekunde. Ile ya nishati ndogo, ambayo ndiyo iliyomo kwenye vipanya vingi vya siku hizi, ina chaneli 40. Ikikuta chaneli imejaa waifai ya jirani, inaikwepa.

Kwa kompyuta ya mezani nunua ya risiva. Kwa laptopu nyembamba yenye matundu mawili tu, nunua ya Bluetooth, au yenye zote mbili ikiwa mfuko unaruhusu. Hiyo ya zote mbili ndiyo tunayoipenda zaidi, kwa sababu risiva ikipotea bado una kipanya.

Ukichagua Logitech, zijue risiva zake. Unifying ilitoka mwaka 2009 na ina alama ndogo ya rangi ya chungwa yenye ncha sita. Risiva moja hubeba vifaa hadi sita. Logi Bolt ilitoka mwaka 2021, ina alama ya radi, nayo hubeba sita. Hizi mbili hazielewani: kibodi ya Bolt haitaungana na risiva ya Unifying, hata umbembeleze muuzaji kiasi gani. Kuna pia risiva zisizo na alama yoyote, zinazokuja na vipanya vya bei ya chini. Hizo zimefungwa na kipanya chao tangu kiwandani.

Kibodi: tazama kitufe cha namba 2

Laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa Nairobi zimetoka Uingereza, na mpangilio wa vitufe vyake ni wa Kiingereza cha huko. Kibodi mpya za dukani kwa kawaida zina mpangilio wa Marekani. Ukiunganisha moja na nyingine, alama ya @ inahama: kibodi ya Marekani ina @ juu ya namba 2, ya Uingereza ina alama za nukuu hapo, na @ iko karibu na kitufe cha Enter. Mtu anaandika baruapepe, anapata nukuu, anadhani kibodi ni mbovu na kuirudisha dukani.

Kibodi haina kosa. Fungua mipangilio ya Windows, nenda kwenye lugha, ongeza mpangilio wa pili, kisha uwe unabadilisha kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi. Anayeandika Kiswahili hatapata shida yoyote na ng'ombe wala ng'ambo, kwa kuwa alama ya apostrofi (') iko mahali pamoja kwenye mipangilio yote miwili. Anayeandika Gĩkũyũ ana kazi zaidi. Mifumo ya Linux ina mpangilio wa Kikuyu uliokwisha tengenezwa, wenye ĩ na ũ.

Kabla ya kulipa, kagua pia kama kuna sehemu ya namba upande wa kulia. Mhasibu au mtu wa duka anayeingiza hesabu siku nzima asinunue kibodi fupi kwa sababu inapendeza. Kuhusu kibodi za swichi za chemchemi, zile zinazolia ta-ta-ta: ni imara na tamu kuandikia, lakini ukiishi bedsitter yenye kuta nyembamba, majirani watajua saa unazofanya kazi.

Ukubwa wa kipanya

Pima mkono wako kutoka mstari wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Chini ya sentimita 17 hivi, chukua kipanya kidogo. Kati ya 17 na 19, cha wastani. Zaidi ya hapo, kikubwa. Vile vyembamba kama sabuni iliyoisha ni vizuri kwa begi, si kwa saa nane za kazi. Anayetumia mkono wa kushoto achague chenye pande mbili zinazolingana, kisha abadilishe vitufe kwenye mipangilio.

Boksi litajigamba kwa DPI (kipimo cha wepesi wa mshale) 3200 au zaidi. Kazi za ofisi zinahitaji kati ya 1000 na 1600 tu. Namba kubwa humfaa mwenye skrini kubwa sana au mchezaji wa gemu, na huyo pia atatafuta kipanya kinachoripoti mwendo wake kwa kompyuta mara 1,000 kwa sekunde badala ya 125 za kawaida.

Dukani

Luthuli Avenue, Moi Avenue na majumba yaliyogawanywa vibanda kati yao ndiko bei huwa nafuu, na ndiko feki huwa nyingi. Bei ya kwanza utakayotajiwa ni ya kufungulia mazungumzo. Nenda na laptopu yako ikiwa na chaji, na betri zako mpya mfukoni: AA moja na AAA mbili zitakutosha kwa mifano mingi. Muuzaji akisema, "Hiyo ni orijino, bosi," mjibu, "Sawa kaka, tujaribu kwanza," kisha fanya hivi:

1. Fungua kifuniko cha betri. Risiva mara nyingi imehifadhiwa humo ndani, kwenye kijishimo chake. Isipokuwepo na muuzaji akachomoa nyingine kutoka boksi la jirani, achana na kifaa hicho.

2. Linganisha namba ya utambulisho (serial number, si jina la mfano) iliyo kwenye boksi na iliyo chini ya kifaa. Kisha omba boksi la pili la mfano huo huo. Boksi mbili zenye namba moja ni feki, hakuna mjadala.

3. Fungua Notepad, bonyeza kila kitufe kwa mstari wake, ukitumia Shift ya kushoto na ya kulia. Kitufe cha nafasi kigonge kushoto, katikati na kulia. Chini ya kitufe hicho kuna kijiwaya cha kukisawazisha. Kikiwa kimepinda, kitufe hukwama ukigonga pembeni.

4. Shika faili kwa kitufe cha kushoto na ulizungushe kwenye skrini kwa sekunde 10 bila kuachilia. Likidondoka njiani, swichi ni mbovu.

5. Fungua ukurasa mrefu, teremsha gurudumu polepole, kijino kimoja baada ya kingine. Ukurasa ukipanda wakati wewe unashuka, gurudumu lina kasoro au uchafu.

6. Rudi nyuma mita mbili au tatu, kipanya mkononi. Hapo mjini mawimbi yamejaa kuliko nyumbani kwako, hivyo kikivuka mtihani huu una sababu ya kukiamini.

Lipa kwa namba ya Till ya duka, usitume kwa simu ya mtu binafsi, na hakikisha risiti imeandikwa mfano kamili na muda wa waranti. Risiti nyingi zimepigwa muhuri kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Ndiyo maana majaribio yote yanafanyika kabla ya pesa kutoka. Kipanya cha kampuni yenye jina kikiuzwa bei sawa na kile kisicho na jina kilicho kando yake, basi na chenyewe hakina jina, kimebandikwa tu.

Kuunganisha

Cha risiva hakihitaji maelezo marefu. Weka betri, washa swichi iliyo chini, chomeka risiva, subiri nusu dakika mara ya kwanza. Ikigoma, chomoa risiva, zima kipanya, badilisha tundu, rudia.

Cha Bluetooth kina hatua zake. Washa kifaa, kisha shikilia kitufe cha kuunganisha kwa sekunde tatu hadi tano mpaka taa ianze kupepesa haraka. Kupepesa polepole maana yake ni kwamba kinamtafuta mwenyeji wake wa zamani, na hapo ndipo wengi hukwama: wanatazama taa inapepesa na kudhani iko tayari. Kwenye Windows 11 fungua mipangilio, ingia sehemu ya Bluetooth, bonyeza palipoandikwa "Add device". Kwenye Mac ni mipangilio ya mfumo, kisha Bluetooth. Kibodi inaweza kukuonyesha tarakimu sita kwenye skrini. Ziandike kwa kibodi hiyo hiyo mpya, kisha Enter.

Kifaa chenye vitufe 1, 2 na 3 huweka kompyuta tofauti kwenye kila namba. Ukifuta kifaa upande wa kompyuta, kiunganishe upya kwenye namba ile ile, la sivyo kitaendelea kumtafuta asiyekuwepo.

Kama Bluetooth inakatika baada ya dakika chache za kutulia, Windows inaizimisha ili kuokoa umeme. Fungua Device Manager, tafuta redio ya Bluetooth, ingia kwenye "Power Management", ondoa alama kwenye kisanduku kinachoruhusu kompyuta kuizima. Mwenye risiva afanye hivyo hivyo kwenye kila "USB Root Hub".

Mshale unachechemea

Asubuhi yote mshale umekwenda vizuri. Unachomeka diski ya nje kunakili picha za harusi, na ghafla unaanza kurukaruka. Kwenye kibodi herufi zinapotea, au moja inajirudiaaaa. Kujirudia huko kuna sababu yake: kibodi hutuma ujumbe kitufe kikibonyezwa na mwingine kikiachiliwa. Ujumbe wa pili ukipotea njiani, kompyuta inaamini kidole chako bado kiko palepale.

Mhalifu mara nyingi ni USB 3.0. Tundu hilo hupitisha gigabiti 5 kwa sekunde, na kelele ya redio inayozalishwa na kasi hiyo husambaa hadi eneo la gigahezi 2.4 hadi 2.5, palepale risiva inaposikiliza. Intel wenyewe walichapisha maelezo ya tatizo hili mwaka 2012. Kelele hutoka kwenye tundu, kwenye kebo na kwenye diski yenyewe. Risiva iliyochomekwa sentimita mbili kando yake haisikii kitu. Ile hub ndogo ya USB-C (kijidude cha kuongeza matundu) yenye HDMI, ambayo kila mtu amechomeka risiva yake humo, ina shida hiyo hiyo, tena zaidi, maana kila kitu kimebanana.

Tiba zake, kuanzia ya bure:

Kwanza, hamishia risiva upande wa pili wa laptopu, kwenye tundu la USB 2.0 kama lipo. Matundu ya 3.0 mara nyingi ni ya buluu ndani au yana alama ya SS, ingawa watengenezaji wengine hawafuati rangi.

Pili, nunua kebo ya kurefusha USB ya nusu mita au mita moja. Ya 2.0 inatosha, usilipie ya bei. Weka risiva juu ya meza, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kipanya, mbali na diski. Kebo hii ya bei ndogo imeokoa vipanya vingi kuliko fundi yeyote wa mjini.

Tatu, kama kompyuta ni ya mezani na boksi lake liko chini sakafuni, usichomeke risiva kwa nyuma. Kati yake na mkono wako kuna sanduku la chuma na mbao za meza. Tumia tundu la mbele au kebo ile ile.

Nne, waifai. Kwenye magorofa ya Pipeline, Roysambu au Kasarani, ukifungua orodha ya waifai simuni utaona majina ya jengo zima. Hamishia vifaa vyako kwenye gigahezi 5 kama ruta inayo, uache 2.4 ipumue. Ikiwa haina, weka chaneli 1, 6 au 11, yoyote iliyo na watu wachache. Ruta yenyewe isikae mezani karibu na risiva. Maikroweve nayo hutoa mawimbi ya karibu gigahezi 2.45, kwa hiyo mshale ukichechemea wakati mtu anapasha githeri jikoni, unajua pa kuangalia.

Betri

Hapa ndipo pesa hupotea kidogo kidogo bila mtu kuona. Soma herufi zilizochapwa kwenye betri kabla ya kusoma bei. LR6 ni AA ya alkalaini, na LR03 ni AAA ya alkalaini. R6 na R03, bila L mbele, ni za kaboni na zinki, zile za bei ya chini zinazojaa kwenye vioski, ambazo mara nyingi zimeandikwa maneno ya kuzisifu kwamba zina nguvu nyingi. Hizo zilifaa redio ya babu. HR6 na HR03 ni za kuchaji.

Tofauti inaonekana ukizishika mkononi: alkalaini ni nzito zaidi. Ile ya kaboni na zinki kopo lake lenyewe ndilo linaloliwa kadiri umeme unavyotoka, hivyo ikizeeka hutoboka na kuvuja ndani ya kipanya. Kipanya kama M185 cha Logitech hutumia AA moja, na mtengenezaji anasema itadumu hadi miezi 12. Kibodi ya K380 hutumia AAA mbili kwa hadi miezi 24. Kwa muda mrefu hivyo, nunua alkalaini nzuri supamaketi. Kuokoa shilingi chache kwenye betri inayokaa mwaka mzima humo ndani hakuna maana.

Za kuchaji ni volti 1.2 badala ya 1.5. Vifaa vingi vinazikubali, ila kipimo cha betri kitakuonya mapema kwamba inaisha kumbe ina nguvu tele. Usichanganye betri mpya na kuukuu, wala aina mbili tofauti kwenye kibodi moja: dhaifu husukumwa na yenye nguvu mpaka ivuje.

Na ule mtindo wa kuanika betri juani? Joto huharakisha mabadiliko ya kikemikali ndani yake, ndiyo maana redio iliamka kwa muda. Betri haikuongezewa chaji, na joto hilo hilo huleta uvujaji. Kuidundisha mezani kusikia kama imeisha kuna ukweli nusu: betri ya alkalaini hudunda zaidi inavyotumika, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha mwaka 2015 kwamba kudunda huko hufika kikomo betri ikiwa bado na karibu nusu ya chaji. Mita ya kupimia volti ni mwamuzi bora. Mpya inasoma karibu 1.5 hadi 1.6, ikishuka karibu 1.1, badilisha.

Ukifungua na kukuta unga mweupe, usiguse kwa kidole kitupu. Toa betri. Kama ilikuwa alkalaini, chovya pamba ya masikio kwenye siki au maji ya limau, paka kwenye unga huo mpaka uache kutoa povu, futa kwa pamba yenye maji kidogo, malizia kwa spiriti ya hospitali, acha ikauke saa moja. Kama ilikuwa ya kaboni na zinki, ruka siki. Anza na maji, kisha spiriti. Vibati vikibaki vya kijani au vyeusi, vikwangue taratibu kwa ncha ya bisibisi au kifutio cha penseli mpaka ving'ae.

Zima swichi ya chini kila unapoweka kipanya begini. Kinapotikisika kwenye matatu kutoka Rongai hadi mjini, kila mtikisiko unakiamsha.

Vya kuchaji kwa USB-C ni vizuri pia, mradi uweze kuvitumia vikiwa kwenye waya. Magic Mouse ya Apple ina tundu la chaji chini ya tumbo, kwa hiyo ikiisha chaji, wewe subiri. Usiache kifaa chenye betri ya lithiamu kikae miezi bila chaji yoyote.

Meza na kioo

Chini ya kipanya kuna kamera ndogo inayopiga picha za uso wa meza maelfu ya mara kwa sekunde na kulinganisha. Kioo kisicho na alama hakina cha kulinganishwa, na meza nyeusi inayong'aa ni karibu sawa. Dawa ni mkeka wa kipanya, au hata jalada la daftari. Kila mara kipanya kikileta shida, weka karatasi ya A4 chini yake kwanza. Kikienda vizuri hapo, kipanya ni kizima, meza ndiyo mbaya.

Mshale ukitembea wenyewe, geuza kipanya utazame tundu la mwanga. Unywele mmoja tu uliojikunja humo unatosha kuleta uchawi wote huo. Utoe kwa pamba ya masikio.

Kikibonyeza mara mbili peke yake

Unabonyeza mara moja, folda inafunguka. Ndani ya swichi kuna kibati chembamba cha shaba. Kinapochakaa au kushika kutu, mguso mmoja husomwa kama miwili. Kabla ya kwenda kwa fundi, badilisha betri, maana betri dhaifu nayo huleta vioja.

Ikiendelea, kipanya kinafunguka. Skurubu moja au zaidi mara nyingi zimefichwa chini ya vile vibandiko vya kuteleza, na nyingine ndani ya chumba cha betri. Vipashe vibandiko joto kwa kikausha nywele ili vitoke bila kuraruka. Swichi ni kiboksi kidogo chenye miguu mitatu. Iliyo maarufu sana ni ya Omron, D2FC-F-7N, inayokadiriwa kubonyezwa mamilioni ya mara. Fundi mwenye pasi ya risasi anaibadilisha kwa dakika chache. Kama kipanya ni cha bei ya chini, gharama ya kazi inaweza kukaribia ya kipanya kipya. Hapo uamuzi ni wako, ila kipanya kizuri kinastahili swichi mpya.

Chai kwenye kibodi

Hii ndiyo sababu kubwa ya kununua kibodi ya nje: chai ikimwagika, inaharibu kibodi, si laptopu. Toa betri mara moja. Pindua kibodi kifudifudi, acha idondoshe. Usiitikise, utasambaza. Kama ni maji tu, iache siku mbili kavu kabla ya kurudisha betri.

Chai ya maziwa yenye sukari ni habari nyingine, kwa sababu sukari ikikauka inagandisha. Fungua skurubu za nyuma. Ndani ya kibodi ya kawaida utakuta karatasi tatu za plastiki zilizolaliana, zenye mistari ya kupitisha umeme. Zifute kwa maji safi na kitambaa laini bila kukwaruza mistari, uzikaushe kabisa, uzirudishe kwa mpangilio ule ule (piga picha kabla). Ubao wa saketi, huo mdogo wenye taa, ufute kwa spiriti tu. Mchele hausaidii, unaongeza vumbi.

Nani mwingine anasikia

Mwaka 2016 kampuni ya usalama ya Bastille ya Marekani ilitangaza udhaifu iliouita MouseJack: mtu aliye mbali angeweza kuzungumza na risiva fulani zisizo za Bluetooth na kuandika amri kwenye kompyuta kana kwamba ana kibodi. Mwaka huo huo ilionyesha kwamba kibodi za bei nafuu za watengenezaji wanane zilikuwa zikituma kila herufi bila kuisimba, hivyo yeyote mwenye vifaa vinavyofaa angezisoma.

Kwa mwenye saiba (duka la intaneti), mambo ni wazi. Wateja wanaingiza nywila za eCitizen (huduma za serikali) na iTax (kodi) hapo, na kila Juni tarehe ya 30, siku ya mwisho ya ritani za kodi, ikikaribia foleni inafika mlangoni. Wape kibodi ya waya. Kipanya kinaweza kubaki bila waya. Kwa nyumbani na ofisi, nunua kibodi ya Bluetooth au iliyoandikwa AES 128 (aina ya usimbaji) kwenye boksi, na kama mtengenezaji ana programu ya kusasisha risiva, isasishe.

Risiva ikipotea

Kwa Unifying na Bolt, nunua risiva ya aina hiyo hiyo na uiunganishe kwa programu ya Logitech. Kwenye Linux kuna Solaar. Kwa kifaa chenye Bluetooth pia, hamia huko. Kwa kile kisicho na jina, habari ni mbaya: usinunue risiva "inayoingia zote" kwa ahadi ya mdomo, mpaka uione ikifanya kazi na kipanya chako mbele yako.

Ofisi yenye seti kadhaa zinazofanana iweke alama siku ya kwanza. Doti moja ya rangi ya kucha kwenye risiva, nyingine ya rangi hiyo hiyo chini ya kipanya na kibodi. Bila hivyo, mtu wa usafi akizichomoa zote Ijumaa, Jumatatu mshale wa mhasibu utakuwa unatembea kwenye skrini ya meneja.

Kifaa kilichokufa kweli kitolewe betri kwanza. Vyuma na plastiki zake, pamoja na betri za lithiamu, visiishie kwenye taka za jikoni. WEEE Centre hapa Nairobi hupokea taka za elektroniki. Kabla hujakitoa, chomoa kebo ya kurefusha na uiweke. Kipanya kijacho kitaihitaji.